Orodha ya Salamu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta leo saa nne asubuhi, kamba zote za uani zimejaa shuka. Tumetoka mbio watu wote wa ufuaji wa hospitali, hata Mzee wa Boila aliyekuwa anakunywa chai. Mama Pasi, anayeendesha ile pasi kubwa ya mtambo, alijitwika shuka mpaka akabaki anaonekana miguu tu, na kutoka ndani ya furushi akapiga kelele, "Karani, usiloane, utafutika wino!" Nimecheka hadi mbavu zikauma. Miaka kumi na miwili tuko wote hapa, na bado ananichekesha.

Naandika nyuma ya daftari la shuka zilizopotea. Kurasa za mwisho hazina kazi, na mvua ikinyesha mkono wa karani hukaa bure.

Mchana Msimamizi mpya ameniita. Mtu mpole, tai imebana shingo. "Dada, nataka hapa tuwe familia moja. Kuna sikukuu mbili mbele yetu, ya wenzetu wa dini ile nyingine mwezi wa nne na yetu mwezi wa tano. Kila mfanyakazi apelekewe kadi ya salamu kwa jina lake, mpaka mlangoni kwake. Nitengenezee orodha: jina, dini, simu, mtaa, namba ya nyumba."

Nimeona ni jambo zuri. Msimamizi aliyepita hata jina langu hakulijua.

Jumatano, 6 Machi

Nazunguka na kalamu. Nilidhani wote nawajua. Kumbe dada anayekunja foronya, ambaye nimekaa naye miaka sita, ni wa wenzetu. Ametaja kwa sauti ya chini kidogo, kisha akarudi kwenye foronya zake.

Toroli, anayesukuma matoroli ya nguo chafu kutoka wodini na mdomo wake hauna breki, amesema, "Niandike kwetu, karani, tena kwa herufi kubwa." Mzee wa Boila naye: "Niandike kwenye boila." Nikamwambia mzee wangu, hapa kuna dini mbili tu. Akasema, "Basi paache wazi." Nimepaacha wazi.

Jumla watu thelathini na wanne. Sisi ishirini na wawili, wenzetu kumi na mmoja, na mzee mmoja asiye na upande.

Ijumaa, 8 Machi

Orodha imekwisha. Nimechapa nakala mbili, moja ya Msimamizi na moja ya kukaa mkobani mwangu nihakikishe namba za simu. Mama Pasi alichungulia begani kwangu. "Wewe! Nyumba yangu umeigeuza. Mimi ni kumi na nne, umeniweka arobaini na moja. Hiyo ni ya yule mzee fundi cherehani wa upande wa pili wa mtaa. Atanilia kadi yangu huyo!"

Nimerekebisha kwenye kompyuta, na kwenye nakala ya Msimamizi nikasahihisha kwa kalamu. Ya mkobani nitaifanya baadaye.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Shuka hazikauki.

Alhamisi, 14 Machi

Mume wangu amerudi mapema. Yeye ni fundi simu, kibanda chake kiko kando ya barabara, na habari za mji hupita kwake kabla ya kufika redioni. Anasema ng'ambo ya mto wamechoma duka la mtu wa wenzetu. Ulikuwa ugomvi wa sokoni, wa kugombea meza. Jioni ukawa wa dini.

"Sasa watu wanaulizana," akasema.

"Wanaulizana nini?"

"Wewe ni wa wapi. Hata mteja akileta simu iliyozimika, anaangalia kwanza usoni."

Redio inasema hali ni shwari.

Jumatatu, 18 Machi

Leo wakati wa chakula nimejikuta nahesabu. Sikutaka, macho yenyewe yamehesabu. Kwenye benchi la dirishani wamekaa saba, wote wa wenzetu. Zamani tulikaa kwa kujuana, anayepika vizuri ndiye aliyezungukwa. Katika wenzetu, Mama Pasi peke yake amekuja kukaa nami, akatumbukiza mkono sahani yangu kama kawaida.

Toroli akapita. "Karani, ile orodha yako safi sana. Sasa tunajuana!" Akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Jumanne, 19 Machi

Mvua tangu alfajiri. Boila imezima mara mbili.

Ijumaa, 22 Machi

Nimefika wa kwanza. Kwenye ubao wa matangazo, chini ya tangazo la Msimamizi kwamba kadi za sikukuu zinakuja, mtu amebandika karatasi ya herufi kubwa:

SALAMU ZENU TUTAWALETEA SISI. MNAPOKAA TUNAPAJUA.

Niliing'oa kabla hajaingia mtu. Kwa haraka nikachana na tangazo lenyewe. Nilimpelekea Msimamizi, akaisoma mara mbili, akalegeza tai. "Utani mbaya wa mtu. Tusiukuze, dada." Akaiweka kwenye droo. Nilipotoka nilisikia akiifunga kwa ufunguo.

Jumatatu, 25 Machi

Dada wa foronya hakuja. Amepiga simu: mlango wao umepakwa mstari wa rangi nyekundu, na watoto wanaogopa kubaki peke yao. Hadi saa sita nimesikia milango mingine mitatu. Wote ni watu wa ufuaji. Wote wamo kwenye wale kumi na mmoja.

Nilimwuliza Mama Pasi. "Kwangu bado," akasema. "Labda rangi imewaishia."

Nilimshukuru Mungu, kisha nikaona aibu kwa kushukuru.

Jumatano, 27 Machi

Nimemwona Toroli getini anaongea na wanaume wawili nisiowajua. Aliponiona akanyamaza.

Ijumaa, 29 Machi

Sasa nina hakika ni Toroli. Ofisi yangu haifungiki vizuri, na yeye huingia na kutoka na matoroli yake mchana kutwa. Nimemwambia Mama Pasi achunge mdomo mbele yake. Akashangaa: "Toroli? Yule akiwa na siri tumbo linamuuma." Mimi sicheki tena. Nimebadilisha njia ya kurudi nyumbani. Sijui kwa nini, mimi si wa wenzetu, lakini nimebadilisha.

Jumanne, 2 Aprili

Niandike hili taratibu, nione kama nilivyolielewa ndivyo.

Leo Mama Pasi amekuja anacheka. "Hii nayo imezidi. Mtaani kwetu wamepaka rangi, na unajua wamempaka nani? Yule mzee fundi cherehani, nyumba ya arobaini na moja! Mzee wa watu ni wa kwenu kabisa, hakosi ibada. Ametoka na ndoo na sabuni, anasugua mlango huku anatukana. Watu hawa hata kutishana hawajui, wamepotea njia."

Alicheka peke yake. Mimi nilishika meza.

Hawakupotea. Walifuata walichoandikiwa. Kwenye kompyuta Mama Pasi anakaa nyumba ya kumi na nne. Kwa Msimamizi anakaa nyumba ya kumi na nne, nilisahihisha kwa mkono wangu. Ni karatasi moja tu duniani inayosema anakaa arobaini na moja, nayo imekunjwa mkobani mwangu. Nimeitoa, nimeiangalia. Iko palepale, haijapungua kitu.

Na mkoba wangu siuachi. Kazini hata chooni naenda nao. Unapumzika mahali pamoja tu, kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chetu.

Nyumbani tuko wawili.

Jumatano, 3 Aprili

Sikumwuliza. Nilimpakulia chakula nikawa namwangalia mikono. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni mvua.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeomba ruhusa saa nane nikaenda kibandani. Nyumbani nisingeweza, kuta zimetuzoea. Mvua ilikuwa inapiga bati, barabara tupu. Mezani kwake palikuwa na simu tatu zimepasuliwa, na skrubu ndogo kama mbegu za mchicha amezipanga kwenye kifuniko.

"Karatasi ya mkobani kwangu uliipiga picha?"

Hakuinua uso. Bisibisi iliendelea kuzunguka, lakini skrubu ilikuwa imeshatoka.

"Walikuja wanne," akasema. "Mmoja alileta simu. Niliifungua, haikuwa na ubovu wowote. Wakaniuliza kwa nini mke wangu anakula sahani moja na wale. Wakataja saa unayotoka kazini. Wakataja njia unayopita, mke wangu. Mpaka rangi ya mkoba wako."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia wewe ni wa kwetu, wasiwe na wasiwasi. Wakasema basi tuonyeshe kama mko nasi. Wanajua kuna orodha hospitalini, mji mzima unajua, Msimamizi wako ameitangaza ubaoni kwamba kadi zitafika hadi milangoni."

"Ukawaonyesha."

"Niliogopa kwa ajili yako!" Ndipo akaniangalia. Macho mekundu. "Nilidhani wanataka kujua tu."

"Wajue ili wafanye nini?"

Mtu alipita nje na mwamvuli, sote wawili tukanyamaza mpaka akaishia. Nikagundua tumeshakuwa watu wa kunyamaza mtu akipita.

Nilimwuliza ni akina nani. Wawili hawajui. Wawili ni wateja wake wa siku zote, mmoja anauza matairi kona ya pili. Kisha akaniambia neno ambalo natamani asingeniambia. Siku ya sikukuu ya wenzetu, Ijumaa ya wiki ijayo, asubuhi watu wakiwa majumbani, wamepanga kuzunguka kwenye nyumba za orodha.

Nimetembea hadi nyumbani bila kufungua mwamvuli.

Jumamosi, 6 Aprili

Nikisema, mume wangu atafungwa, au wale wanne watajua nani amesema. Nisiposema ni watu kumi na mmoja, na watoto wao.

Jumapili, 7 Aprili

Nalala kitanda kimoja na mtu ninayemwogopa na ninayemwogopea.

Jumatatu, 8 Aprili

Asubuhi nilimwendea Mzee wa Boila, kwa sababu yeye ndiye asiye na upande. Alinisikiliza akiwa ameshika kitambaa chenye grisi. Nilipomaliza akasema, "Mimi unaniambia ili iweje? Mwambie mwenye mlango."

Basi nikaenda kwenye pasi kubwa. Mama Pasi alikuwa anaingiza shuka, mimi nikasimama upande wa kutokea nikawa nazipokea, nikamwambia hivyohivyo huku tunafanya kazi. Kwamba orodha imetoka. Kwamba arobaini na moja ni kosa langu. Kwamba ni Ijumaa. Alizima mtambo. Sijawahi kusikia chumba kile kimya namna ile.

"Uliniandika wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Na namba nikakusahihisha mimi mwenyewe. Nikakuambia, si arobaini na moja, ni kumi na nne." Akajifuta jasho kwa kiganja. "Nani aliitoa?"

"Ilitoka mkobani kwangu."

"Mkoba wako haulali ofisini."

Nilitazama sakafu. Hakuuliza tena. Aliuelewa ukimya wangu, na nilimwona anavyouelewa, uso wake ukijifunga kidogokidogo kama dirisha.

"Wale wengine kumi umewaambia?"

"Bado."

"Unangoja nini? Nikuandikie orodha?"

Nimewaambia wote kabla ya saa kumi. Mmoja alinisukuma. Dada wa foronya alilia tu.

Jumanne, 9 Aprili

Tumekwenda polisi, Mama Pasi na mimi. Askari alikuwa mstaarabu, akasema doria itapita. Kisha akafungua daftari. "Nitajieni majina ya hao walio hatarini, na wanakokaa."

Mama Pasi alisimama akatoka nje.

Jumatano, 10 Aprili

Msimamizi ameumwa ghafla. Kadi hazitakuja tena.

Mzee wa Boila amekuja ofisini akafunga mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Stoo ya shuka safi ina mlango mmoja wa chuma na haina dirisha," akasema. "Mvua hii yote, nani atakuja kuchungulia shuka? Ufunguo si unao wewe?"

Ninao.

Alhamisi, 11 Aprili

Wale kumi na mmoja na familia zao wameanza kuingia stoo saa tatu, kidogokidogo, wamebeba vyakula kama watu wanaokuja kutazama wagonjwa. Wanawake kwanza. Tulikubaliana watoto waje mmojammoja, lakini mtoto huwezi kumpa zamu. Saa tano walikuwa kumi kwa pamoja kwenye veranda ya mapokezi, wameshikana mikono, wanatazama huku na huku. Mlinzi alishaanza kuwakazia macho.

Ndipo Toroli akanijia, akaniinamia sikioni. "Karani, mnanificha nini?"

"Hakuna."

"Hakuna wakati naona watoto wa watu wote wa ufuaji wamejipanga kama gwaride? Nipe mimi."

"Nikupe nini?"

"Watoto, mama! Unataka nikuchoree?"

Sikuwa na la kufanya. Mama Pasi alinitazama kutoka ndani, akakubali kwa kichwa. Toroli aliwaingiza watano kwenye toroli moja na watano kwenye la pili, akawafunika shuka, akawaambia atakayecheka atafuliwa. Kisha akasukuma katikati ya korido kuu huku anapiga kelele kwa lile domo lake, "Pisheni! Nguo za kipindupindu! Pisheni njia, kipindupindu hiki!" Madaktari wenyewe walijibana ukutani. Mlinzi alikimbia hadi bustanini.

Baadaye nilimwuliza wale wanaume wa getini walikuwa akina nani.

"Walitaka niwape ratiba ya zamu. Nikawaambia mimi sijui kusoma."

Toroli husoma gazeti kila siku tangu ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Nilitaka kumwomba radhi, lakini ningelazimika kumwambia kwa lipi.

Ijumaa, 12 Aprili

Imekwisha. Sasa ni saa kumi na mbili jioni, naandika, maana nisipoandika nitapiga kelele.

Stoo ilikuwa na watu thelathini na wanane. Hewa nzito ya shuka za moto, watoto wamelala kwenye rafu kama mizigo. Asubuhi walisali sikukuu yao kwa kunong'ona. Nilikuwa nje ya mlango, nimeweka meza na daftari nijifanye nahesabu, na ule mnong'ono ulipita chini ya mlango ukanigusa miguu. Sikuthubutu kuwatakia sikukuu njema. Neno lenyewe lilikuwa limeharibika.

Saa tatu na nusu wakaja wawili. Wamevaa vizuri, viatu vina tope hadi kifundoni. Mmoja namjua, ndiye muuza matairi. Alitabasamu.

"Habari za kazi, dada. Tunamtafuta mama anayepiga pasi hapa. Nyumbani kwake kulikuwa na kosa kidogo."

"Mna shida gani naye?"

"Tumemletea salamu za sikukuu."

Nilisema wenzetu wote wako mapumziko leo, ni siku yao, warudi kesho kutwa. Niliisikia sauti yangu, ya karani kabisa, kama nasema shuka zimekwisha. Yule wa pili alitembea hadi kwenye mlango wa chuma akaweka kiganja juu yake.

"Humu mna nini?"

"Shuka."

Ndani, mtoto akakohoa.

Na papo hapo bomba juu yetu likapiga mluzi, mvuke ukafoka ukajaa korido nzima, mweupe, wa moto, na Mzee wa Boila akatokea humo anapunga mikono, "Tokeni! Tokeni, vali imeachia, mtaungua ngozi!" Wakarudi nyuma wanakohoa. Mzee alikuwa ameifungua mwenyewe.

Muuza matairi alipofika kona akageuka. "Mwambie fundi simu tunamshukuru."

Alilisema kwa sauti. Mlango wa stoo ni wa chuma, lakini chini uko wazi.

Saa saba zikaletwa shuka kutoka chumba cha dharura, na aliyezileta akasema kuna mzee amepigwa kwa nondo. Fundi cherehani. Nyumba ya arobaini na moja.

Jumapili, 14 Aprili

Wamerudi majumbani, jeshi liko barabarani. Nyumba mbili zimevunjwa, hazikuwa na mtu. Mzee bado hajazinduka.

Jumatano, 17 Aprili

Waraka umetoka juu. Kuanzia leo ni marufuku kutoa salamu za sikukuu yoyote kazini. Watu wanapishana mlangoni kama mawe. Hata "habari za asubuhi" imekuwa nusu.

Jumanne, 23 Aprili

Mama Pasi anaongea nami mambo ya kazi tu. "Ishirini za wodi ya pili." "Hizi zina madoa." Muuza matairi amehama mji, au wanasema amehama. Wale wengine bado wapo, na kila mwanaume mwenye viatu vya tope ni mmojawao.

Mume wangu amefunga kibanda. Mtu akigonga anaruka. Hajaniuliza habari za mzee, nami sijamwambia. Tunakula tukisikiliza mvua.

Jumanne, 30 Aprili

Mzee amezinduka. Nimeona kwenye karatasi za wodi. Nimepita mlango wa wodi yake mara tatu leo nikiwa na foronya ambazo hakuna aliyeziagiza.

Jumatatu, 6 Mei

Leo ni sikukuu yetu. Niliomba niwe zamu, nikasema kwa sababu watu ni wachache, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kukaa nyumbani na kujifanya nafurahi.

Saa sita Mama Pasi alivua aproni, akaja akasimama mbele ya meza yangu. "Njoo."

"Wapi?"

"Wewe njoo."

Tukapanda ngazi. Kumbe amekuwa akienda kila siku wakati wa chakula, anampelekea uji. Mzee yuko kitanda cha dirishani, mkono wa kulia umefungwa plasta, ule wa mkasi na sindano. Jicho moja halijafunguka vizuri. Nikamwamkia, akanijibu, akatabasamu. "Leo umekuja na mgeni," akamwambia Mama Pasi. Kisha akanigeukia. "Sikukuu njema, mwanangu. Huku hakuna hata aliyeniambia, nilidhani nimepoteza hesabu ya siku."

Ile salamu ilinichoma. Nilimwangalia Mama Pasi, akawa anakoroga uji, hanisaidii. Basi nikasema. Nikiwa nimesimama, mikono mbele kama mwanafunzi. Kwamba mimi ndiye niliyeandika ile orodha, na namba yake niliiandika mimi, na ningesahihisha karatasi ile ya mkobani siku ileile asingekuwa pale. Kwamba iliondoka mikononi mwa mtu wa nyumbani kwangu, kwa woga. Nilisema kila kitu isipokuwa neno "mume". Sikuweza.

Muuguzi akapita na sinia la dawa.

"Waliponigongea," mzee akasema, "waliniuliza yuko wapi mama anayepiga pasi hospitali. Waliona mimi siye. Wakasema basi, mzee, tuonyeshe mlango wake tukuache." Akavuta pumzi. "Mlango wake naujua. Ukisimama kwangu unauona, na taa yake ilikuwa inawaka. Mimi sikujua kama hayumo."

Mama Pasi aliweka kijiko chini.

"Nikawaambia simjui. Wakaanza. Wakauliza tena, nikasema simjui." Aliutazama mkono wake wa plasta. "Usidhani ni ushujaa, mwanangu. Niliogopa mpaka nikajikojolea, mtu mzima kama mimi. Mpaka leo mlango wa wodi ukifunguka nashtuka. Niliogopa sana. Lakini wangeingia kwake."

Baadaye akaomba tumwinulie mto, tukamwinulia, Mama Pasi upande mmoja na mimi upande mwingine.

Kwenye ngazi, Mama Pasi akasimama. "Sijakusamehe," akasema. "Nataka ujue hivyo. Lakini alikuwa anauliza kila siku ni nani aliyekosea namba, na mimi nimechoka kumdanganya." Akashuka mbele yangu.

Nimefika nyumbani saa tisa. Mume wangu alikuwa amekaa mezani, amefunika chakula cha sikukuu, hajagusa. Nilikaa mbele yake nikamweleza alichosema mzee, neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Kuhusu mlango, na taa, na "simjui" mara mbili. Kuhusu kujikojolea pia.

Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika ukingo wa meza. Nilingoja aseme aliogopa kwa ajili yangu. Hakusema. Alikaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Kisha akainuka, akavaa viatu, akafunga kamba polepole, mguu mmoja kisha wa pili.

"Saa ya kutazama wagonjwa inakwisha saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Na yuko wodi namba ngapi?"

Nikamwambia.